Nateleza hatua za kwanza: nivae kiatu gani kwa mazoezi ya kasi kwenye nyasi?

Shikamoo Kocha,

Nakimbia mita 100 na 200. Uwanja wa tartani, ule wenye njia zilizotandikwa mpira, uko mbali nami, kwa hiyo mazoezi yote ya kasi nayafanyia kwenye nyasi. Nina siku tatu kwa wiki: siku ya kuondokea, mita 30 mara sita, siku ya kasi ya juu, mita 60 mara nne, na siku ya mita 150 mara nne. Nikifanya asubuhi nyasi zina umande. Nikifanya jioni zimekauka, ardhi ni ngumu, na sehemu nyingine umebaki udongo mtupu.

Navaa raba za mbio za barabarani zenye soli nene. Asubuhi nateleza hatua tatu za kwanza, baada ya hapo natulia. Jioni sitelezi, ila nahisi nguvu zangu zinaishia kwenye sponji. Rafiki yangu mcheza mpira anataka kunipa njumu zake za zamani. Mwenzangu mwingine anasema nikanunue spaiki, vile viatu vyenye misumari chini, za mita 100 moja kwa moja, kwa kuwa ndizo nitakazoshindania. Uwezo wangu ni jozi moja tu. Tena siku hizi muundi unaniuma baada ya mazoezi, na sijui kama ni viatu au ni kitu kingine. Ninunue nini, na kama ni spaiki, misumari iwe na urefu gani?

Mkimbiaji wa Nyasini

*

Marahaba. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate: nunua spaiki za mbio za nyika zenye misumari ya kufungua, anza na misumari ya milimita 9, na raba zako usizitupe kwa sababu bado zina kazi. Njumu mwachie rafiki yako. Spaiki za mita 100 zisubiri hadi utakapokuwa na njia ya kufika kwenye tartani angalau mara moja kwa wiki.

Umeandika jambo moja ambalo wengi hawaligundui: unateleza hatua tatu za kwanza, halafu unatulia. Hapo ndipo penye jibu. Unapoondoka, mwili umeinama mbele na mguu unaisukuma ardhi kwenda nyuma. Msukumo wa namna hiyo unahitaji kitu cha kushika. Soli ya raba ya barabarani ni pana, mifereji yake ni mifupi, na imetengenezwa ikutane na lami. Kwenye umande haifiki kwenye udongo kabisa. Inakanyaga majani ya nyasi yaliyolala, jani juu ya jani, yote yamelowa, nayo yanateleza yenyewe kwa yenyewe. Ukishafika mita 20 au 30 mwili umesimama wima, sehemu kubwa ya nguvu inakwenda chini, na uzito wako unakandamiza kiatu hadi kishike. Kwa hiyo siku ya kuondokea ndiyo inayodai meno. Siku ya mita 150 inaweza kuvumilia kiatu cha kawaida.

Usidhani hasara ya kuteleza ni sekunde tu. Mguu ukichomoka nyuma ghafla wakati unasukuma, misuli ya nyuma ya paja na ya kinena inavutwa ikiwa haijajiandaa. Kingine kinakuja polepole: mtu anayeogopa kuteleza anaanza kusimama wima mapema na kupiga hatua fupi fupi ili asianguke. Akifanya hivyo msimu mzima, anajifunza kuondoka vibaya, na siku anapofika kwenye tartani yenye kushika vizuri anaendelea kuondoka vilevile.

Sasa hiyo sponji. Kwenye kasi ya juu mguu unakaa chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sponji nene na laini inatumia muda huo kubonyea kabla nguvu yako haijafika ardhini, na chini yake kuna nyasi na udongo ambavyo navyo vinabonyea. Umeweka kitu laini juu ya kitu laini. Watu husema viatu vinene ndivyo salama, na kwa mbio ndefu za lami sibishi, lakini kwa kasi ya juu kwenye nyasi unahitaji sponji kidogo kuliko unayohitaji barabarani. Soli nene tena ikiwa juu ya ardhi yenye mabonde madogo inayumba pembeni, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Kuhusu njumu. Njumu ya kawaida ya uwanja mkavu ina meno kumi hadi kumi na tatu hivi ya plastiki ngumu, na karibu yote yana zaidi ya milimita 10. Yamepangwa kwa ajili ya mtu anayegeuka, anayesimama ghafla na anayepiga mpira, ndiyo maana manne au zaidi yako kisiginoni. Mkimbiaji wa mbio fupi anakanyagia mbele ya unyayo, na meno ya kisigino anayabeba bure. Kwenye ardhi yako ya jioni, ile ngumu, meno hayaingii. Kila jino linasukuma kwenda juu mahali pamoja, na utaanza kusikia maumivu nyuma tu ya vidole, mahali ambapo mifupa ya unyayo inabeba mzigo wote. Zaidi ya hapo njumu hizo zimevaliwa na mtu mwingine. Ngozi imeshika umbo la mguu wake, na upande aliokuwa akiukanyagia zaidi umelika zaidi.

Hata hivyo sizikatai kabisa. Mvua ikiwa imenyesha na uwanja umelainika, kuondoka kwa mita 20 mara nne au sita ukiwa na njumu ni afadhali kuliko kuteleza na raba. Na kama fedha za spaiki hazitapatikana, chaguo langu la pili ni viatu vya mpira vya nyasi bandia, vile vyenye vipele vingi vifupi vya mpira soli nzima. Vipele vinagawana mzigo, vinapenya majani ya nyasi fupi, na kwenye ardhi ngumu havikuchomi. Kwenye tope havifai, vinajaa mara moja.

Mwenzako anayekutuma kwenye spaiki za mita 100 ana hoja nusu. Ni kweli mguu unapaswa kuzoea kiatu cha mashindano, ila kiatu kile kimejengwa kwa ajili ya tartani. Kina bamba gumu lililopindishwa juu mbele, misumari mingi imejazana chini ya vidole, na kisiginoni hakuna kitu. Misumari yake ya milimita 5 au 6 inauma mpira wa tartani vizuri, lakini kwenye nyasi zenye urefu wa sentimita 3 inaishia kwenye majani. Bamba halikunjiki, kwa hiyo kila shimo na kila kichuguu kinapelekwa moja kwa moja kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Pia misumari mingi iliyokaribiana inakusanya nyasi na udongo hadi panatokea donge chini ya vidole, na hapo unakimbia juu ya donge. Mwaka 1968 kampuni ya Puma ilitoa kiatu chenye visumari vidogo 68. Mmarekani John Carlos alikimbia nacho mita 200 kwa sekunde 19.92 kule Echo Summit, California, na rekodi ikakataliwa kwa sababu ya kiatu. Wazo la visumari vingi vifupi lilikuwa zuri kwa uso ulio sawa na wenye kunesa. Kwenye udongo mambo ni kinyume: misumari michache, mirefu kidogo, iliyoachana.

Na hivyo ndivyo spaiki za mbio za nyika zilivyo. Zina misumari minne hadi sita au saba, katikati yake kuna meno ya mpira, mbele zinakunjika, na kisiginoni kuna sponji kidogo ya kukulinda unapopunguza mwendo. Angalia aina iliyotengenezwa kwa mbio fupi za nyika, si ile yenye sponji nene ya masafa. Raba za porini zenye meno ya mpira ya milimita 4 hadi 6 nazo zinashika vizuri kwenye nyasi, ila nyingi ni nzito na laini mno kwa mita 30 za kuondokea.

Urefu wa misumari unaamuliwa na ardhi ya siku ile. Chukua bisibisi ya kawaida, uende nayo uwanjani. Isimamishe kwenye nyasi na uisukume kwa nguvu ya mkono mmoja, bila kuiegemea kwa mwili. Ikiingia sentimita mbili au zaidi bila ubishi, funga milimita 12. Ikiingia kama sentimita moja halafu ikakataa, milimita 9 inatosha. Ikigoma karibu kabisa, weka milimita 6 na utegemee meno ya mpira, au vaa raba. Jaribu sehemu tatu: unapoondokea, katikati, na unapoishia, maana kivuli na mteremko hubadilisha unyevu. Milimita 15 zipo madukani, lakini ardhi inayodai milimita 15 ni tope, na juu ya tope hakuna kasi ya juu ya kujifunza. Siku hiyo fanya mazoezi ya nguvu.

Kosa la kawaida ni kufunga misumari mirefu kwenye ardhi ngumu ukidhani mirefu ndiyo inayoshika zaidi. Msumari usioingia wote unakuacha umening'inia juu ya ncha kama mtu aliyepanda mironjo: kifundo kinayumba, meno ya mpira hayagusi chini, na ukikanyaga vibaya hakuna kinachokushikilia pembeni. Mifupi mno nayo inateleza. Dalili ziko kwenye nyasi zenyewe. Baada ya kuondoka rudi uangalie hatua yako ya pili na ya tatu. Ukiona matundu madogo safi, urefu ni sahihi. Ukiona mistari iliyochanika kurudi nyuma, misumari haikufika kwenye udongo. Ukiona mabonge ya udongo yamenyofolewa na mizizi yake, ama ardhi ni laini mno, ama unazungusha mguu kwa nje unapomaliza kusukuma, na hilo la pili si la kiatu.

Nunua misumari ya umbo la koni au piramidi. Ile iliyochongwa ngazi ngazi ni ya kubonyeza tartani, kwenye udongo haina faida. Misumari yote ya kiatu kimoja, na ya viatu vyote viwili, iwe na urefu mmoja. Ukisikia mtu anakushauri uweke mirefu mbele na mifupi nyuma, mwache: msumari uliozidi unageuka kuwa mhimili, na unyayo unajizungushia hapo. Kila tundu liwe na kitu, msumari au kizibo, la sivyo mchanga unajaa na kula uzi wa skrubu. Unapofunga, anza kwa vidole hadi uhisi umeshika sawasawa, kisha tumia ufunguo hadi ugome, ongeza robo mzunguko, basi. Ukianza na ufunguo tangu mwanzo unaweza kuingiza uzi upande, na tundu likishaharibika hakuna fundi wa kulirudisha. Kaza tena baada ya mbio mbili za kwanza.

Dukani nenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, na soksi nyembamba utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5. Raba tunaziachia upana wa kidole gumba, ila kwa spaiki nafasi hiyo ni nyingi, mguu utasogea mbele kila unapokanyaga. Shika kiatu ncha na kisigino ukikunje. Kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati ya unyayo, kiache. Kivae, funga kamba, simama kwa mguu mmoja juu ya vidole halafu ruka papo hapo mara kumi. Kisigino kikinyanyuka, pitisha kamba kwenye tundu la mwisho la juu, tengeneza kitanzi kila upande, vusha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta chini. Kikinyanyuka bado, si saizi yako au si umbo lako. Usikubali kuambiwa kitalainika.

Kuhusu muundi. Viatu vinaweza kuchangia, hasa hizo hatua za kuteleza na ardhi ngumu ya jioni, lakini sitaki spaiki mpya zije kuwa dawa ya muundi, kwa sababu mwanzoni zitauongezea mzigo. Raba nyingi za barabarani zina kisigino kilichonyanyuka milimita 8 hadi 10 kuliko mbele. Spaiki za nyika ziko chini ya hapo, mara nyingi nusu au pungufu, kwa hiyo kigimbi na kano ya kisigino vinavutwa zaidi kila hatua. Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole, kutoka chini kwenda juu. Maumivu yakiwa yamesambaa kwenye urefu wa kiganja na yanapungua ukishapata joto, punguza wingi wa mbio kwa theluthi moja wiki mbili, hamia kwenye nyasi laini, usianze spaiki hadi yaishe. Yakiwa mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, au yanakuuma ukiwa umelala, acha kukimbia uende kwa daktari. Huo unaweza kuwa mfupa unaoanza kupata ufa.

Muundi ukitulia, ingia taratibu. Wiki ya kwanza vaa spaiki mwisho wa kupasha mwili tu: mita 60 mara nne kwa robo tatu ya kasi, kisha uzivue na umalizie siku na raba. Wiki ya pili fanya nazo mita 30 tatu za kwanza. Ya tatu, mita 30 zote sita. Ya nne, ingiza mita 60. Mita 150 zifanye na raba mwezi mzima, baadaye unaweza kuvaa spaiki kwenye mbio mbili za mwisho. Kwa siku moja usivuke mita 400 ndani ya spaiki. Asubuhi inayofuata, ukishuka kitandani na kano ya kisigino ni ngumu kwa zaidi ya dakika kumi, rudia wiki ile ile badala ya kusonga mbele.

Njia utakayokimbilia itembee kwanza kwa miguu, kwenda upande mmoja na kurudi upande mwingine, ukiangalia mashimo, mawe na vigae. Nyasi zikizidi sentimita 5 huoni shimo hadi umeingia. Kila wiki sogeza njia mita mbili pembeni, kwa sababu mahali pa kuondokea panachimbika haraka, na udongo mtupu wenye umande juu ni mbaya kuliko nyasi. Ukimaliza mbio usifunge breki kwa visigino. Jipe mita 25 au 30 za kupungua, kwa kunyoosha, kisha ndipo ugeuke ukiwa unatembea. Magoti mengi yanaumizwa hapo, wakati mbio yenyewe imekwisha. Kati ya mbio na mbio gonga viatu kisha ondoa udongo kwa kijiti, vinginevyo kuanzia ya tatu utakuwa unakimbilia donge nililolitaja.

Miguu mitupu watakushauri, hasa wazee wa mchezo. Mita 60 mbili au tatu za pole kwenye nyasi fupi unazozijua zinaimarisha unyayo. Kasi kamili hapana, na uwanja usioujua hapana: kuna vioo, na kwenye udongo uliochafuliwa kwa kinyesi kuna minyoo ya safura inayoingia kupitia ngozi.

Spaiki zilizolowa toa soli za ndani, jaza magazeti, uzianike kivulini. Jua kali na moto vinaachanisha gundi ya bamba. Kila baada ya wiki tatu hivi fungua misumari yote, safisha uzi, paka grisi kidogo au vaselini, urudishe, maana kutu ya umande ikishika msumari utaishia kuukata. Msumari uliolika hadi theluthi mbili ya urefu wake ubadilishe pamoja na wenzake wote. Na usitembee nazo kwenye saruji kutoka ulipobadilishia hadi kwenye nyasi. Fika na raba, badilisha kando ya njia.

Siku utakayoalikwa kwenye mashindano ya tartani, misumari ya 12 iache nyumbani. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, kwa mbio za tartani zinaruhusu msumari utokeze milimita 9 tu, misumari isizidi 11 kwa kiatu kimoja, na unene wa soli usizidi milimita 20. Viwanja vingi vina sharti lao kali zaidi, milimita 6 au 7, kulinda mpira usichanike, kwa hiyo uliza mapema ubebe seti ya 6 pamoja na ufunguo wako. Spaiki hizo hizo za nyika utaweza kukimbilia mita 200 bila aibu hadi utakapopata za mbio fupi.